Uvira: Mama yake Betty ni mtu gani hasa?

Kijana wa Kalundu au Mulongwe akitazama seri ya Riverdale kwenye simu (umeme ukikubali), atakutana na Alice Cooper, mama yake Betty, na atashindwa kumjua. Mwanzoni, mwaka 2017, Alice anampangia binti yake kila kitu, hata dawa na marafiki. Ni mkali, lakini mama wa namna hiyo yupo hata huku kwetu, watu wanamuelewa.

Kufika msimu wa 3 anaingia katika kikundi cha dini cha Edgar Evernever na kukipatia akiba ya masomo ya Betty. Hapo ndipo penye uchungu. Mama anayeuza ndagala huko Uvira ili mtoto alipiwe minervali anajua pesa hizo ni kitu gani.

Halafu, mwisho wa msimu, kumbe Alice alikuwa anapeleka habari kwa FBI! Siri moja ya polisi inafuta yote. Mädchen Amick anaigiza vizuri; waandishi ndio waliomtupa huku na huku. Seri ilienda hadi msimu wa 7, mwaka 2023. Muda wa kumketisha mama na binti waongee vizuri juu ya akiba ile ulikuwepo.