Kukata ni siku moja, kurudisha ni lini?

Ndugu vijana wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, na ninyi wote munaotusoma kutoka Lubumbashi, Kolwezi na mbali zaidi,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunaandika juu ya franga ambazo zilikatwa kupita kiasi na hazijarudi. Vijana wengi wanafikiri haya ni mambo ya wahasibu. Hapana. Yako ndani ya karatasi yako ya mshahara, na yako ndani ya hiyo simu unayoshika sasa.

Tuanze na karatasi ya mshahara.

Mwenzetu mmoja ni fundi wa kuchomea vyuma katika kompani moja. Ana bibi na watoto watatu. Kila mwezi wanamkata IPR, ile kodi ya mshahara. Mwajiri ndiye anayekata, na ndiye anayepaswa kuipeleka kwa DGI kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi mwenyewe haigusi ile pesa hata kidogo. Siku moja mwenzetu akasoma karatasi yake vizuri, akakuta mahali pa watu anaowalisha wameandika sifuri. Bibi hayuko. Watoto hawako.

Hiyo sifuri si kosa dogo la mwandishi. Kwa miaka mingi sheria ya IPR imepunguza kodi kwa 2% kwa kila mtu wa jamaa ambaye mfanyakazi anamlisha, mpaka watu 9. Bibi na watoto watatu ni watu 4, maana yake 8%. Tuseme kodi yake ni franga 100,000 kwa mwezi: anakatwa franga 8,000 za bure. Kwa mwaka ni 96,000. Kwa miaka mitatu ni 288,000. Huyo ni mtu ambaye kila mwanzo wa masomo anakopa ili watoto wasifukuzwe.

Alienda kuuliza kwa mwajiri. Wakamwambia: "Sisi tulishapeleka. Uliza kwa Leta." Akaandika barua, akaipeleka kwa biro moja ya Serikali. Kiisha miezi ikapita, tukamsindikiza.

"Jambo Shefu. Tunakuya kuuliza juu ya barua ya mwenzetu. Imefika wapi?"

"Barua gani?"

"Ile ya kuomba arudishiwe kodi. Aliileta mwezi wa tatu."

"Mutoto wangu, hapa hatuna hiyo dosie. Labda iko Lubumbashi. Mutarudia juma ijayo."

Juma iliyofuata, Shefu hakuwako. Ile ingine, alikuwa kwenye mkutano. Kila mara ni franga ya transpo, kila mara ni nusu siku ya kazi imepotea. Mara ya nne ndipo akatuuliza kama tuko na nakala yenye muhuri. Hatukuwa nayo. Siku ya kuleta barua walisema muhuri umefungwa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo ametoka. Basi, kwa Leta, ile barua haijawahi kuandikwa.

Tunataka muelewe vizuri jambo hili, sababu ndilo kiini cha mambo yote. Watu wanasema malipo ya mwenzetu "yamechelewa". Hayajachelewa! Ili kitu kichelewe, lazima kwanza kiwe kimeanza kutembea. Ombi ambalo halina namba, halina tarehe, halina jina la mtu aliyelipokea, haliko njiani. Halipo mahali popote. Na mtu akiuliza "imefika wapi?", yule wa dirishani anaweza kujibu lolote analotaka bila kusema uongo.

Watatuambia: ni vile katika inchi maskini. Si kweli. Kule Kenya, mfanyakazi anajaza hesabu yake kwenye iTax kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita kila mwaka. Akikuta alikatwa kupita kiasi, anaomba arudishiwe, na anafuata ombi lake palepale kwenye simu. Wakenya nao wanalalamika kwamba malipo yanakawia, na wako na haki ya kulalamika. Lakini wao wanagombana juu ya siku. Sisi bado tunagombana ili ikubalike kwamba tuliomba.

Watatuambia pia: Serikali haiwezi kujua kila mtu alilipa nini, watu ni wengi mno. Hapa ndipo tunataka kuzungumza juu ya RAM.

Munakumbuka RAM. Kuanzia mwezi wa tisa mwaka 2020 unite zilianza kutoweka ndani ya simu zetu. Dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, dola 1 kwa simu ndogo. Ulikuwa unaingiza unite za kumpigia mama, unakuta zimekatwa kabla haujasema alo. Dola 7 wakati ule zilikuwa karibu franga 14,000. Mwanafunzi alikatwa, mama wa soko la Kikula alikatwa, mwenye kubeba watu kwa pikipiki alikatwa, mtu asiyekuwa na kazi wala karatasi yoyote ya mshahara alikatwa. Eti ilikuwa juu ya kutulinda na simu za wizi na simu za bandia.

Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. RAM haikupigiwa kura na Bunge kama sheria. Walipobanwa wakasema si kodi, ni malipo ya huduma. Huduma gani? Nani kati yetu aliiomba? Mwezi wa kumi mwaka 2021 wabunge walimhoji waziri, Bwana Augustin Kibassa Maliba, na majibu yake hayakuwaridhisha. Vijana walipiga kelele katika miji mingi. Mwanzoni mwa mwaka 2022, RAM ikaondolewa.

Tulishangilia, na tulikosea kuishia pale. Sababu kuacha kuchukua si kurudisha. Mtu akikuibia kuku kila juma, kiisha akaacha, bado ana kuku zako. Mpaka tunapoandika, katika sisi hakuna hata mmoja aliyerudishiwa unite moja ya RAM.

Na musikubali tena ile hadithi ya "watu ni wengi mno". RAM ilituhesabu sisi wote! Ilijua simu gani ni ya 4G na gani ni ndogo. Ilijua nani ameshalipa na nani bado, ikarudia kukata mpaka hesabu ikatimia. Hakuna mtu aliyeambiwa "dosie yako ya kukatwa iko Lubumbashi, rudi juma ijayo". Mashine inayoweza kutoa unite ndani ya simu inaweza kuziingiza. Namba ni ileile, njia ni ileile. Kinachokosa ni mapenzi.

Inabaki sababu yao ya mwisho: pesa hakuna. Tuangalie basi wale wakubwa. Tangu tarehe 1 Januari 2012 inchi yetu iko na TVA, 16%. Kompani za madini zinanunua vitu vingi, zinauza shaba na kobalti inje, na kufuatana na sheria zinapaswa kurudishiwa TVA zilizolipa. Serikali ilishindwa kurudisha, deni likapanda sana. Je, wale wakubwa waliambiwa warudi juma ijayo? Walizungumza na Serikali mpaka juu kabisa, na mwaka 2016 Serikali ikakubali kusimamisha TVA kwa vitu wanavyoingiza kutoka inje. Hatusemi walipendelewa katika haki yao. Deni ni deni. Tunasema hivi: deni lao lilikuwa na jina, lilikuwa na hesabu, lilikuwa na watu wa kulizungumzia mezani. Pesa ilipokosekana, walitafutiwa njia. Ya fundi wetu wa kuchomea vyuma haijaandikwa hata kwenye daftari.

Kuna watakaotuita maadui wa kodi. Wasome tena. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kulipa kodi ni wajibu wa kila Mkongomani, na sisi tunakubali. Tunataka mashule, tunataka maji, tunataka mwalimu alipwe. Lakini mwenye kutukumbusha wajibu wetu tarehe 15 ya kila mwezi, naye akubali kukumbushwa wajibu wake. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema hiyo dawa ni ya maskini peke yake.

Na sisi wenyewe tujiseme. Ni wangapi kati yetu tunasoma karatasi ya mshahara? Tunaangalia chini kabisa, ile namba ya kupokea, kiisha tunaikunja. Ni wangapi tunaacha barua bila kudai muhuri, sababu tunaogopa kumuuzi Shefu? Ule woga ndio unaowasaidia. Hata hao wanaofanya kazi bila karatasi yoyote, wale wa kulipwa kwa siku, wasifikiri hawahusiki: RAM haikuwauliza karatasi.

Basi, tunadai mambo haya:

1. Kila ombi la kurudishiwa kodi lipewe namba, tarehe na jina la anayelishika, siku ileile linapopokelewa, hapahapa Likasi. Mtu asilazimishwe kusafiri kilometa zaidi ya mia moja mpaka Lubumbashi kuuliza tu.

2. DGI ibandike mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, njia ya kuomba kurudishiwa: karatasi gani zinatakiwa, ni siku ngapi za kungoja, na ni nani wa kulalamikia zikipita.

3. Kila mwajiri ampe mfanyakazi karatasi ya mshahara inayoonyesha IPR iliyokatwa na watu wa jamaa waliohesabiwa, na aonyeshe uhakikisho kwamba ile pesa ilifika kwa DGI.

4. ARPTC na wizara yake watangaze hesabu yote ya RAM: kiasi gani kiliingia, kiligawanywa kwa nani, kilifanya nini. Kiisha watu warudishiwe unite zao kwa simu zao.

Na sisi tunafanya nini? Hatutangoji tu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena kifungu hichohicho kinasema hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kufanya vile. Tunaanza kukusanya sahihi katika komini zote 4 za mji wetu. Ombi litaenda kwa DGI, kwa ARPTC na kwa wabunge wetu, na hatutatoka dirishani bila muhuri. Kama mwenye ufunguo ametoka, tutaketi tumungojee. Siku muhuri utakapogongwa tutaanza kuhesabu miezi mitatu, na kila juma tutaandika hapa siku ngapi zimebaki.

Wewe unayesoma, fanya mambo matatu leo. Tafuta karatasi zako za mshahara, uangalie IPR na ile sehemu ya watu unaowalisha. Kama kuna kosa, andika barua, nakala mbili, moja ibaki kwako na muhuri na tarehe. Kiisha mwambie jirani yako, hasa yule ambaye hajui kusoma Kifaransa cha zile karatasi.

Franga 8,000 si nyingi kwa Leta. Dola 7 si nyingi kwa waziri. Kama kweli si nyingi, basi kuzirudisha ni kazi ndogo. Wafanye ile kazi ndogo.

Kulipa kodi ni wajibu. Kurudisha iliyozidi ni wajibu vilevile.

Sisi vijana wa mwendo wa raia, Likasi