Silaha ya Mwanafunzi ni Hoja

Mwaka 1977, Indira Gandhi alikuwa ameshindwa uchaguzi lakini angali chansela wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi. Sitaram Yechury, kiongozi wa wanafunzi aliyewahi kutiwa mbaroni wakati wa Hali ya Hatari, alimsomea ana kwa ana hati ya kumtaka ajiuzulu. Bibi huyo alisikiliza, kisha akajiuzulu.

Yechury hakumaliza shahada ya uzamifu, ila aliongoza Chama cha Kikomunisti cha India, mrengo wa Kimarx, akiwa Katibu Mkuu tangu 2015 hadi alipofariki 2024.

Mimi si mkomunisti. Lakini nikiwa mwalimu wa lugha, nasema: walimu, tuwafunze vijana kujenga hoja, nasi tujifunze kusikiliza. Asiyesikilizwa ndiye huokota jiwe.