Arusi ya Lubumbashi: tuende, lakini bila kuuza Septemba ya watoto

Kipwa ikifika, mialiko njo inaanza kuingia. Julai na Agosti, karibu kila siku ya posho kuna mutu wa familia anaoa ao anaolewa, na kwa sisi wa Kolwezi, Fungurume ao Likasi, feti yenyewe mara mingi iko ku Lubumbashi. Ni jambo ya furaha. Mimi siko kati ya wale wanasema arusi ni kupoteza makuta. Mutoto wa ndugu yako akioa, unapashwa kuonekana. Lakini nasema hivi: mwalikwa naye anapashwa kujipanga, juu kisha Agosti inakuja Septemba, na masomo haingojeake mutu.

Ku biro ya delegasio, kila kipwa tunapokea watu wa namna mbili. Mumoja iko na barua mu mukono, kampani inamuomba maelezo juu alikosa kazi siku mbili. Mwengine anakuja kuomba avansi, juu mushahara wote umebakia kwa mukopeshaji. Wote wawili walienda arusi. Hakuna mwenye alienda kuiba. Paka hawakujipanga.

Tuanze na siku za kazi. Kode ya Kazi, ile sheria ya 16 Oktoba 2002, inamupatia mufanyakazi siku 2 za kazi kama ni yeye mwenyewe anaoa, na siku 1 kama ni mutoto wake. Arusi ya ndugu, ya shemeki, ya mutoto wa mujomba haimo mu ile liste. Mu kampani zingine konvansio kolektive inaongeza kitu: uliza delege wako mbele ya kununua tike, hapana kisha. Siku zingine zote unazikamata mu konji yako ya mwaka. Na ile konji, kwa mutu mukubwa, sheria inahesabu kwa uchache siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mukamilifu wa kazi. Mwaka muzima ni siku 12. Ukitosha 3 kwa arusi moja, umekwisha kula robo. Basi omba mapema, kwa maandishi, na ubakie na kopi yenye sinyature. "Shefu aliniambia niende" ni neno ya mudomo. Siku shefu anahamishwa, neno inaenda naye. Na wewe unatumika mu kampani ndogo yenye kupokea kazi kwa kampani kubwa, wewe zaidi. Kontra yako ni nyepesi, usiichezee.

Tuingie mu makuta. Mbele ya kujibu "tutafika", wewe na bibi yako mukamate karatasi, muandike: transpore ya kwenda na ya kurudia, fasi ya kulala, kikwembe na mushonaji, anvelopu, taksi za ndani ya muji. Pembeni muandike masomo na chakula ya Septemba. Kama hesabu zote mbili haziingie mu mushahara moja, arusi njo inapunguzwa, hapana masomo. Na musiende kwa ile watu wanaita Banque Lambert. Tuseme anakupatia dola 100, anataka 140 mwisho wa mwezi. Ukikosa, mwezi wa pili inakuwa 196. Arusi ilichukua usiku moja, deni ingali inakula mwezi wa tatu. Na kama ulimuachia karte yako ya banki na kode yake, siku ya mushahara yeye njo anapokea, wewe unaangalia.

Watu watasema: "Usipoenda ya wenzako, siku yako hakuna mutu atakuja." Ni kweli, na njo maana sisemi tukatae. Nasema tutume wajumbe. Kama ndugu watano wako Kolwezi, wachange, wachague wawili: baba mumoja wa kusema kwa jina ya familia, na mama mumoja wa kusaidia ku jiko. Anvelopu moja, majina yote tano juu yake. Ile inakuwa na uzito kuliko anvelopu tano nyepesi, na mwenye arusi anajua wazi nani alimukumbuka. Kama arusi iko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Lubumbashi, na kufika ni kwa ndege, mujumbe mumoja anatosha. Asisahau tu kwamba saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Kikwembe ya umoja nayo inaleta maneno mingi mu manyumba. Ile ni ya wazazi na ndugu wa karibu. Mama, kama hauko kati yao, ile ya muzuri iko mu sanduku yako inatosha, hakuna mutu atakurudisha ku mulango. Kama wanakuomba uikamate, uliza bei mbele ya kusema ndiyo.

Sasa njia. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, na ile barabara tunaigawanya na makamio ya kubeba shaba. Usisafiri usiku. Mutu ametoka ku ekipe ya usiku asikamate volani bila kulala. Na kurudi ni siku ya yenga asubui, ili ulale ku nyumba mbele ya kazi moja. Ku karieri, mashini haijue kama ulicheza mpaka asubui. Ukisinzia juu yake, mwenzako mwenye iko chini njo atalipa.

Ukifikia kwa ndugu, usifike mikono mitupu. Familia yenye arusi imekwisha kuchoka: muzigo wa unga na mafuta inawasaidia kuliko maneno ya pole. Beba triko, juu baridi ya Lubumbashi ya Julai usiku haina huruma. Andika ku karatasi komini, avenue na alama ya karibu na sale, kisomo ao soko, juu telefone inaweza kuzimika. Na kama mwaliko inasema saa kumi na mbili ya mangaribi, pikia watoto mbele ya kutoka. Chakula inaweza kutoka saa ine za usiku.

Neno ya mwisho ni kwa wenye arusi. Mutangaze siku miezi miwili ao mitatu mbele, ili mutu wa ekipe aombe konji na kuweka makuta kidogo kidogo mu likelemba. Musiite wageni kwa kupima anvelopu. Na mutu wa mungoti akituma mujumbe na jina yake, mumuhesabu kama amefika. Yeye naye iko na watoto, na mu Septemba njo yeye atasimama ku biro ya masomo kulipa, hapana ninyi.