Mzazi apime tangazo kwa kilo za pamba

Msimu wa kununua pamba mkoani Simiyu hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Fedha zikianza kumfikia mkulima, matangazo nayo huongezeka. Gari la kipaza sauti hupita mnadani, redio husifia shule ya bweni inayofundisha kwa Kiingereza, na duka la Bariadi mjini hubandika picha ya mtoto mnene mlangoni.

Mengi ya matangazo hayo humlenga mzazi, na silaha zake ni tatu. Ya kwanza ni hofu: mwanao ataachwa nyuma na wenzake. Ya pili ni fahari: mzazi anayejali huchagua bidhaa hii. Ya tatu ni mamlaka: mtu aliyevaa koti jeupe anasifia kopo la unga, wala hatuambiwi ni daktari wa hospitali gani.

Kwa nini mzazi? Mkulima akiuziwa mbegu mpya huijaribu kwenye kipande cha shamba, humuuliza jirani, kisha huamua. Mtoto hajaribiwi hivyo. Matunda ya shule au chakula huonekana baada ya miaka, na kubishania bei ya kitu cha mtoto huonekana kama kutompenda. Mfanyabiashara anaufahamu udhaifu huo.

Jambo hili si geni. Matangazo ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga yalizusha malalamiko duniani hadi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulipopitisha kanuni za kuyadhibiti. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994 na kuzipitia upya mwaka 2013. Ilionekana kuwa mama mwenye maziwa yake alikuwa akishawishiwa kununua asichokihitaji, na mtoto ndiye aliyeumia.

Hatusemi kila shule binafsi ni ya ulaghai, wala kila unga wa lishe haufai. Tunasema mzazi afanye hesabu. Chukulia ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kwa bei elekezi ya msimu wa 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, hiyo ni kilo 1,000 za pamba. Mkulima anayevuna kilo 250 kwa ekari atahitaji ekari nne nzima, kabla hajalipa dawa, vibarua, sare na nauli. Mwaka ukiwa mbaya, je, mtoto atarudishwa nyumbani katikati ya muhula?

Hesabu hiyo ifanywe pia kwa chakula. Choroko, dengu, karanga, mtama na maziwa vinapatikana hapa hapa Simiyu. Havina tangazo kwa sababu hakuna anayelipia sifa zake, wakati gharama ya kulitangaza kopo hulipwa na mnunuzi ndani ya bei.

Wahusika nao wawajibike. Shule itangaze ada yote pamoja na michango, isitaje ufaulu tu. Redio zikatae tangazo la dawa au chakula lisilo na uthibitisho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Usimamizi huo unatakiwa uonekane pia minadani, si katika miji mikubwa peke yake. Maofisa ugani na viongozi wa AMCOS, wanaokutana na wakulima kila msimu, wanaweza kuwafundisha hesabu hii kwa dakika kumi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hujitembeza, hivyo mzazi asiamue akiwa bado mnadani. Arudi nyumbani, akae na mwenzake, wageuze bei kuwa kilo za pamba, ndipo waamue.