Mwili wa Mwanachuo Nao Una Haki Yake



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka tunawaaga vijana waliomaliza kidato cha sita wakielekea vyuoni, Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na kwengineko. Tunawausia juu ya swala, marafiki wema na stara. Safari hii tunataka kusema juu ya jambo lisilopewa nafasi katika nasaha hizo, nalo ni mapumziko.

Kijana aliyezoea kuamshwa na mama yake na kukuta uji uko tayari, chuoni anajikuta katika chumba kilichojaa, pengine wamebebana wawili kitanda kimoja. Boom limechelewa. Vipindi, majaribio na kazi za vikundi vinafuatana, na juu ya yote iko hofu ya sapu, na hofu kubwa zaidi ya kudisko. Ndipo anapoanza kupiga msuli usiku kucha kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Anainamia madesa mpaka saa kumi, usingizi unamchukua adhana ikiwa karibu, na Alfajiri inampita. Mchana anasinzia darasani. Akirudi likizo amekonda, jirani wanamsifu kwamba huyu kweli anasoma!

Sisi hatuioni kuwa ni sifa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Salman Al-Farsi na Abu Dardaa (r.a.), ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunga undugu. Salman alikwenda kumzuru nduguye akamkuta mkewe hakujipamba, na alipouliza akaambiwa kuwa Abu Dardaa hana haja tena na mambo ya dunia. Chakula kikaletwa. Mwenyeji akasema amefunga, na Salman akakataa kula mpaka mwenziwe ale naye. Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena kuinuka, akaambiwa alale. Ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Hapo Salman akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimsadikisha Salman.

Mtu huyo hakuwa akikesha kwa upuuzi. Alikuwa katika ibada. Ikiwa anayekesha kwa swala aliambiwa alale, je, anayekesha kwa madesa ya uhasibu atakuja na hoja gani?

Wako watakaosema kuwa maulamaa wetu walikesha na kibatari. Ni kweli. Lakini watu wa zamani waliijua kailula ya mchana, na Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Na tuseme kweli, sehemu kubwa ya mikesha ya leo huliwa na simu, si kitabu. Wataalamu wa afya wanatwambia mtu mzima anahitaji usingizi usiopungua saa 7, na kwamba ni usingizini ndipo ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha yaliyosomwa. Kwa hiyo anayeukata usingizi ili asome zaidi anaipunguza faida ya kile alichokisoma. Bora alale mapema, aamke kabla ya Alfajiri asome kichwa kikiwa chepesi. Jioni atembee au acheze mpira kidogo na wenzake, wala asione kuwa muda huo ameuiba.

Liko jambo zito kuliko hayo. Yuko mwanafunzi ambaye wiki zinapita hapati usingizi, hali, analia bila ya sababu, au anafikiria kujidhuru. Majumbani mwetu neno la kwanza huwa ni jini, la pili husda. Kisomo ni katika dini yetu na hatukipingi. Tunachokipinga ni kumzungusha mtoto kwa waganga miezi mizima bila ya kumuonesha daktari, na hali Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa. Maradhi ya moyo kuelemewa ni maradhi kama homa, yana matibabu, wala si dalili ya upungufu wa imani. Vyuoni iko ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mwanafunzi aende, na asingojee hali ichafuke.

Nanyi wazazi, mnapompigia simu msianze na matokeo. Muulizeni amekula nini na jana alilala saa ngapi. Na akirudi likizo, asikabidhiwe funguo za duka asubuhi ya pili yake. Mpeni siku chache alale.

Wabillahi tawfiq.