Kulemewa Usiku

Labda umekwisha kulemewa usiku. Umeamuka, macho wazi, unaona nyumba na mulango, lakini mukono hautikisiki na sauti haitoki. Mutu amekaa juu ya kifua chako. Unamutambua: ni mama muzee wa jirani. Asubuhi unasema, "Ni mulozi," na jamaa yako wanakamata fimbo kwenda kwake.

Hatusemi unadanganya. Uliona. Lakini macho hayaoni peke yao. Yanapeleka habari kwa ubongo, na ubongo ndio unaosema kitu kile ni nini. Unatembea njia ya Kasongo kwenda Kabambare giza linapoingia. Unaona nyoka, unaruka, kumbe ni kamba. Nyoka hakuwapo, lakini moyo ulipiga kweli.

Sasa sikiliza. Tunapoota ndoto, ubongo unafunga mikono na miguu, tusikimbie wala tusipige mutu aliyelala karibu. Ni ulinzi mwema. Lakini mara zingine akili inaamuka mbele ya mwili kufunguliwa, na ndoto haijaisha bado. Kifua ni kizito, woga ni mwingi, na ubongo unatafuta mwenye kosa. Unaleta sura ile uliyofundishwa kuogopa. Kule Zanzibar, mwaka 1995, sura hiyo iliitwa Popobawa. Watu walilala nje kwa makundi, na mutu mumoja mugonjwa wa akili aliuawa kwa sababu walizani ndiye. Kule Newfoundland, inchi ya Kanada, wanasema ni bibi kizee. Je, mama wa kijiji chetu alivuka bahari?

Kwa hiyo mimi nasema wazee wa kanisa wasipokee habari ya namna hii kuwa ushuhuda. Amri ya tisa inakataza kumushuhudia jirani uongo, na mutu anaweza kuivunja bila kujua, kwa macho yake mwenyewe. Mama yule akifukuzwa, nani atamurudishia shamba lake?

Kulemewa kunawapata zaidi wale wasiolala vizuri, na wenye woga ao huzuni nyingi, kama waliokimbia vita. Hakuui. Jaribu kutikisa kidole kimoja. Kutapita kwa dakika chache. Lala kwa ubavu, si kwa mugongo. Lakini mutu akianguka, akitetemeka mwili wote bila kujua neno, hiyo ni habari ingine: mulete hospitali.