"Sina muda" ni uongo tunaoambiana

Wadau, kuna sentensi imegeuka sala ya Wakristo wa mjini: "Niko bize sana, lakini Mungu anaujua moyo wangu." Naipinga hadharani. Anaujua, ndiyo. Anaijua na ratiba yako.

Twende Mtua, pande za Nachingwea na Ruangwa. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, nani ana nafasi? Korosho ziokotwe, zianikwe, zichambuliwe, zifike ghalani kusubiri mnada wa RUNALI. Zikinyeshewa daraja linashuka, na bei nayo. Huo ndio ubize wenye hasara ya kweli. Lakini adhana ikisikika, Muislamu anayeshika swala anaacha kazi, anatawadha, anaswali, anarudi. Mara tano kwa siku! Humsikii akisema "nikipata muda". Muda wake umeshapangwa, kazi ndiyo inayouzunguka.

Msiniambie hayo ni ya Waislamu. Jirani tu hapo Ndanda, Wabenediktini wapo tangu 1906, mwaka mmoja baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Majimaji. Wamejenga hospitali, shule, karakana, mpaka kiwanda cha uchapaji. Wavivu hao? Na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamwagiza mtawa akisikia ishara ya sala aache mara moja alichoshika mkononi. Watu waliokuwa wanaanza upya baada ya vita walikuwa na kisingizio kizuri kuliko foleni yetu ya Ubungo.

Najua mtajibu: sisi si watawa. Kweli kabisa. Na nesi wa zamu ya usiku au mlinzi wa getini simsemi, ratiba yake iko mikononi mwa mwingine. Nawasema wenye dakika 90 za mpira na jioni nzima ya kikao cha harusi, ila dakika 15 za Zaburi hazipatikani.

Na ninyi wachungaji msicheke. Ibada ya masaa manne, nusu yake matangazo na michango, halafu mnashangaa vijana wanakimbia? Mnapoteza muda uleule mnaotuhubiria tuutoe.

Hoja yangu ni fupi: muda wa Mungu hautafutwi, unatengwa. Ukimwekea mabaki ya siku, siku haibakizi kitu. Chagua saa. Iwe ndogo, iwe ileile kila siku, na bosi, simu na kamati ya harusi wajue kwamba hiyo haiuzwi.

Ukishindwa, basi sema ukweli: si kwamba huna muda, hutaki. Mwambie Mungu hivyohivyo. Angalau hapo utakuwa umeanza kusali.

Naomba kuwasilisha.